Kisima cha Wakfu Ndani ya Tarakilishi

Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Mimi nimekuwa nikinena miaka mingi katika kurasa kama hizi kuhusu haki na dhuluma, na mashairi ya kuwalaani wezi wa mali ya watu nimeyatunga si haba. Kumbe nyumbani kwangu Kisauni, juu ya meza ile ile ninayoandikia mashairi hayo, palikuwa na mali ya wizi, nami sina habari.

Kisa chenyewe kilianza mwezi wa Oktoba, mwaka 2025. Wasomaji wenye tarakilishi watakumbuka kwamba tarehe 14 ya mwezi huo kampuni ya Microsoft ilisimamisha huduma zake za kawaida kwa Windows 10, programu iliyoendesha mashine nyingi mno duniani tangu ilipotolewa mwaka 2015. Mashine yangu ni ya mtumba, nimeinunua kisiwani kwa mkono wa tatu au wa nne. Asubuhi moja nilipoifungua niandike, nikalikuta tangazo hilo kwenye kioo. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, yataka mashine yenye kifaa maalumu cha usalama, na mashine yangu kuukuu haikufikia kipimo.

Basi nikawa kama abiria aliyeshushwa Buxton usiku, akaambiwa gari alilopanda haliendi tena Kisauni, na gari linalokwenda halichukui mtu mwenye mizigo kama yake. Nami mizigo yangu ni mashairi ya miaka ishirini.

Jioni yake nikaitia mashine kwapani, nikenda kwa kijana mmoja fundi, mwenye kibanda kando ya barabara, jirani na mama muuza viazi karai. Ni kijana ninayeswali naye msikiti mmoja. Akaifungua, akaibonyeza hapa na pale, kisha akaniangalia kwa haya.

"Ami," akaniambia, "usinichukie kwa nitakalosema. Hii Windows yako ni ya wizi."

"Ya wizi vipi, mwanangu? Mimi nililipa kwa shilingi zangu, na risiti ninayo."

"Risiti ni ya mashine, Ami. Programu imetoka katika sidii iliyozunguka mji mzima, na ndani imetiwa dawa ya kuidanganya iseme kwamba imelipiwa. Na hii unayoandikia mashairi nayo ni vivyo hivyo."

Nikanyamaza. Nikakumbuka kwamba miaka mitatu nyuma kirusi kiliingia ndani ya mashine hiyo kikala mashairi sitini na kitu, na mengine mpaka leo sikuyapata tena. Nilidhani ni bahati mbaya. Kijana akanieleza kwamba dawa hizo za udanganyifu mara nyingi huwa ndizo mlango wa virusi. Anayekuvunjia kufuli ya mwenzio hashindwi kuiacha wazi na yako.

HALALI NA HARAMU

Usiku ule sikulala vizuri. Wako watu wengi, na wachaji Mungu wamo, wanaoona kwamba kunakili programu si wizi, kwani mwenyewe hapungukiwi na kitu. Nami nilikuwa mmoja wao, ingawa sikupata kuketi nikaifikiri hoja hiyo mpaka mwisho wake.

Lakini jambo hili wanazuoni walikwisha kulitazama zamani. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, chombo kilicho chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, ilikutana Kuwait mwezi wa Desemba mwaka 1988, ikapitisha azimio namba 43. Azimio hilo lasema kwamba haki za mtunzi na za mvumbuzi, pamoja na jina na alama ya biashara, ni haki za wenyewe zinazolindwa na sheria ya dini, na haijuzu kuzivamia.

Na sheria ya serikali nayo haiko mbali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya tarakilishi kuwa miongoni mwa kazi za fasihi. Tafakari hilo, msomaji! Mbele ya hakimu, programu ile niliyokuwa nayo kwa wizi na diwani niliyokuwa nikiitunga humo ni ndugu wa tumbo moja. Mtu angalichapa mashairi yangu bila idhini ningalipiga kelele mpaka Lamu wanisikie. Basi mimi nilikuwa na uso gani?

Kesho yake nikarudi kibandani. "Mwanangu, niambie njia."

"Njia ni tatu, Ami. Ya kwanza, ununue mashine mpya na programu ya halali. Ya pili, ubaki ulipo na ukubali yatakayokupata. Ya tatu, uhamie Linux."

"Linux bei gani?"

"Haina bei."

Nami ni mtoto wa Pwani, nimelelewa kwa methali kwamba rahisi huvunja upishi. Nikamuuliza kama anataka kunitoa katika wizi mmoja aniingize katika wa pili. Akacheka mpaka mama wa viazi akageuka. Akaniambia, "Ami, hii wenyewe wametoa ruhusa kwa maandishi. Chukua, tumia, nakili, mpe jirani. Ukitaka, ifumue uione ilivyoshonwa, kisha uishone upya."

KUHAMA

Alikuwa nayo ndani ya flashi ndogo isiyozidi kidole gumba. Jambo la kwanza lililonipendeza ni kwamba aliiwasha mashine kwa flashi hiyo bila ya kugusa kilichokuwamo ndani. Nikaruhusiwa kuonja kwanza, kama mtu aonjavyo tende sokoni Kongowea kabla ya kununua ratili. Nilipokwisha kuonja tukaweka nakala ya mashairi yangu yote pembeni, akafuta kila kilichokuwamo, akaitia Linux ya aina iitwayo Mint. Tulianza baada ya Alasiri, na Maghribi ilipoadhiniwa kazi imekwisha. Akanitoza shilingi mia tano. Huo ni ujira wa jasho lake, maana programu yenyewe hakuniuzia.

Ndani yake nikakuta vitu nisivyovitarajia. Palikuwa na LibreOffice ya kuandikia nyaraka na kupigia hesabu, na Firefox ya kuingilia katika intaneti. Programu nyingine zipo katika ghala moja ambalo unachagua unachotaka, na zilizo nyingi mno humo hazina malipo. Nilikaa mpaka saa sita za usiku nikifungua moja baada ya moja, kama mtoto aliyeachiwa duka la Idi.

Sitawadanganya wasomaji kwamba mambo yote yalikuwa sukari. Mashairi yangu ya zamani yalifunguka, alhamdulillahi, lakini mengi yalikuja yamepinda. Ukwapi na utao nilivyovipanga sawasawa kwa macho yangu vilikuwa vimetengana, kimoja huku na kimoja kule, kama waliogombana. Ikanibidi niyatengeneze moja moja. Printa yangu nayo ilikataa kusema na mashine kwa siku tatu mpaka kijana alipoipatia dawa. Na kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, ambayo nilifurahi mno kuiona, ilinipigia mstari mwekundu chini ya kila neno la Kimvita. Nikiandika "yeo" kosa, nikiandika "ndiya" kosa, nikiandika "nti" kosa. Nikajiona nimerudi shule, na mwalimu ametoka bara.

Lakini hapo ndipo nilipofunzwa somo la kwanza. Nilipolalamika, kijana akanifungulia ile orodha ya maneno yenyewe. Ni faili la maandishi matupu, maneno yamepangwa mistari kama majina ya wanafunzi daftarini. "Tia maneno yako, Ami," akaniambia, "kisha tuwapelekee wenyewe, na wengine wapate." Mimi katika umri wangu wote sikupata kuona bidhaa ambayo mnunuzi akilalamika hupewa ufunguo wa kiwanda.

HURU NA BURE

Nikataka kujua ni nani hawa wenye karimu kiasi hiki. Nikasoma, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Mwaka 1983, tarehe 27 Septemba, Mmarekani mmoja kwa jina Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT, alitangaza kwamba ataandika programu kuu nzima ambayo kila mtu atakuwa huru nayo. Akaiita GNU. Yeye mwenyewe hueleza kwamba lililomtia uchungu lilianzia kwenye printa. Mashine ya kuchapia ya pale kazini ilikuwa ikikwama karatasi, naye alitaka kuirekebisha programu yake ili iwaarifu watu inapokwama. Akenda kwa mtu mwenye maandishi asilia ya programu ile, akanyimwa, kwa kuwa mtu yule alikwisha kutia sahihi kwamba hatampa mtu. Stallman akaona kwamba wenye elimu wameanza kufunga ahadi ya kuinyima elimu.

Akaweka uhuru wa mambo manne: kuitumia programu kwa shughuli yoyote, kuichunguza ilivyo na kuibadilisha, kunakili na kumpa mwingine, na kuwagawia watu ile uliyoibadilisha. Mwaka 1989 akaiandikia hati ya kisheria. Kisha mwaka 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, nchini Finland, kijana wa miaka 21 aitwaye Linus Torvalds, akatoa moyo wa mashine uliokuwa bado unakosekana, ndio Linux, na mwaka uliofuata akauweka chini ya hati ile ile. Leo hata simu ya Android iliyo mfukoni mwako inaendeshwa kwa moyo huo.

Waingereza wamepata taabu kubwa kulieleza jambo hili, kwa sababu katika lugha yao neno la kitu cha bure na neno la kitu kilicho huru ni moja. Kila wakisema, wasikilizaji hudhani wanagawiwa sadaka. Sisi Waswahili Mungu ametupa maneno mawili mbalimbali. Bure ni habari ya mfuko, na huru ni habari ya shingo. Kwa hivyo wataalamu wetu wakaziita programu hizi "programu huria", na maana ikakaa mahali pake bila ya ugomvi.

Na sisi wa Kisauni tofauti hiyo hatuhitaji kufundishwa na mtu wa mbali. Kila siku tunapita Kengeleni, pale iliposimama kengele ya Frere Town, mji uliojengwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa katika utumwa. Watu wale hawakupewa kitu cha bure. Walilima na wakafanya kazi. Walichokipata ni kwamba hakuna tena awezaye kusema, "Huyu ni wangu."

WAKFU

Nilipozisoma zile nguzo nne, moyo wangu ulinirudisha chuoni, nilipokuwa mtoto nimekaa juu ya mkeka na juzuu mbele yangu. Tulifundishwa habari ya Sayyidna Umar, radhi za Mungu zimshukie, alipopata shamba Khaybar ambalo hakupata kuwa na mali aipendayo kuliko hilo. Akamwendea Mtume, swala na salamu zimshukie, kumtaka shauri. Akaambiwa kwamba akipenda aizuie asili yake na ayatoe manufaa yake sadaka. Umar akaliweka shamba lile kwa sharti kwamba haliuzwi, halitolewi zawadi, wala halirithiwi. Na mazao yake wakala mafakiri, jamaa, wasafiri na wageni.

Sasa itazame hati ile ya Stallman. Yasema: nufaika na programu hii upendavyo, hata kuuza nakala yake waweza, lakini ukiwagawia watu, iwe vile vile au umeitengeneza, wape uhuru ule ule uliopewa wewe. Huna ruhusa ya kuizungushia ua ukasema ni yako peke yako. Asili imefungwa, manufaa yameachiwa.

Sisemi kwamba Mmarekani yule alisoma fiqhi, wala sitoi fatwa, maana fatwa ina wenyewe. Tena ziko programu huria nyingine ambazo hati zake ni legevu zaidi, mtu aweza kuzichukua akazifungia. Nasema kwa njia ya mfano tu. Lakini mtu wa Pwani aliyekunywa maji ya kisima cha msikiti, akatawadha na akaondoka bila ya kuulizwa na mtu, ataifahamu programu huria upesi kuliko profesa.

Na elimu yetu yenyewe iliishi kwa njia hiyo. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi kabla ya mitambo ya chapa kufika kwetu, yasingalitufikia kama si watu walioyahifadhi na kuyanakili kwa mkono. Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika, na mmisionari William Taylor akayachukua karatasi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1940, William Hichens akayatoa kitabuni. Angalikuwapo mmoja katika mlolongo huo aliyesema hairuhusiwi kunakili, leo Muyaka tungalimjua kwa jina tu.

KISWAHILI NDANI YA MASHINE

Nilidhani pia kwamba mambo haya ni ya Wazungu na sisi tumechelewa. Si kweli. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Waswidi, wataalamu walianzisha kazi iliyoitwa Kilinux ya kuzitia programu huria katika Kiswahili. Mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyosema na mtumiaji kwa Kiswahili tangu mlango wa mbele. Hawakumwomba mtu ruhusa, kwa sababu ruhusa ilikwisha kutolewa ndani ya hati.

OpenOffice yenyewe asili yake ni programu ya Kijerumani, ikanunuliwa mwaka 1999 na kampuni ya Kimarekani ya Sun, na mwaka 2000 maandishi yake asilia yakafunguliwa kwa watu wote. Mwaka 2010 sehemu ya mafundi hawakuridhika na mwendo wa mambo, wakachukua nakala wakaenda zao, wakaiita LibreOffice, nayo ndiyo niandikiayo makala haya. Kiswahili kimo ndani yake, ila kina mapengo; mahali pengine unasema nayo kwa lugha yako, na mahali pengine inakurudia kwa Kiingereza.

HATI ZA WAZEE

Ninalo sanduku moja la mbao. Ndani yake mna utenzi ulioandikwa na maalim wangu wa chuoni, Mungu amrehemu, kwa kalamu ya mwanzi na kwa hati za Kiarabu kama walivyoandika wazee wetu wote. Alinikabidhi mwenyewe kabla ya kufa. Mchwa wamekwisha kula pembe, na wino umefifia. Kwa miaka mingi nilitaka kuuchapa kwa hati ile ile, na kila nilikokwenda nilishindwa.

Sababu ni hii. Herufi za Kiarabu hazikuumbwa kwa Kiswahili. Kiarabu hakina pa, wala cha, wala va, na irabu zake ni tatu ilhali zetu ni tano. Wazee waliandika ba mahali pa pa, kasra mahali pa e, na dhumma mahali pa o, wakategemea akili ya msomaji. Kwa hati hiyo neno "pepo" laweza kusomwa "bibu". Anayeujua utenzi hapotei, lakini asiyeujua atatangatanga.

Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliliona tatizo hilo mapema. Alipotoa gazeti lake la Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, alikitumikia Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na akazirekebisha herufi zichukue sauti zetu. Baada yake, mwaka 1997, Mwalimu Yahya Ali Omar wa Mombasa pamoja na P. J. L. Frankl walichapisha katika jarida la wanazuoni wa London mapendekezo ya mwandiko kamili wa Kimvita kwa hati hizo. Kwa hivyo dawa ilikuwapo. Kilichokosekana ni mashine ya kuinywesha.

Katika ile ghala ya programu nikaikuta. Iko hati ya chapa iitwayo Amiri, kazi ya Mmisri Khaled Hosny, iliyofuata mwandiko wa mtambo wa chapa wa Bulaq, Cairo, uitwao pia al-Amiriyya. Ni hati ile ile ya vitabu vya Misri tulivyosomea. Nilipoiona kwenye kioo nilihisi harufu ya karatasi za manjano. Nayo imetolewa huria. Pia yuko Kevin Donnelly, aliyetunga katika muongo uliopita programu huria aliyoipa jina la Andika!, ambayo hukigeuza Kiswahili cha hati ya Kirumi kikawa cha Kiarabu, na cha Kiarabu kikawa cha Kirumi. Jina la Kiswahili, na kazi ya Kiswahili, lakini aliyeketi kuitenda si mtoto wa Mombasa. Mimi nilifurahi na nikaona haya kwa wakati mmoja.

Kilichobaki ni vibonye. Vibonye vya Kiarabu vya kawaida havina pa wala cha. Kijana wangu akaniambia kwamba katika Linux mpango wa vibonye nao ni faili la maandishi, mtu aweza kuupanga atakavyo. Akauliza nataka nini na wapi. Tukakaa jioni mbili, mimi nikitaja herufi na yeye akiandika: pa yenye nukta tatu chini, cha yenye nukta tatu tumboni, va yenye nukta tatu juu, kasra ya kusimama kwa e, na dhumma iliyopinduliwa kwa o. Alama zote hizo zimo katika Unicode, daftari la kimataifa la herufi. Zinangoja mtu wa kuziita tu.

BI MKUBWA ASOMA

Nikachapa beti kumi za mwanzo za utenzi wa Maalim, nikazitoa kwa printa. Kisha nikazipeleka kwa shangazi yangu, ambaye ni mtu mzima wa miaka themanini na ushei. Shangazi hakwenda skuli. Hati ya Kirumi haijui hata herufi moja, na kila walipokuja watu wa kuhesabu walimwandika kuwa hajui kusoma. Lakini Shangazi alisoma chuo, akahitimu, na katika ujana wake yeye ndiye aliyesomewa na kusoma tenzi katika mikusanyiko ya wanawake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Umeniletea nini?"

Nikampa karatasi. Akavaa miwani, akaisogeza dirishani. Akaanza polepole, kisha sauti ikapanda, akaimba kwa mahadhi ya zamani beti zote kumi bila ya kukwama. Wajukuu zake waliokuwa ukumbini wakainyamazisha runinga. Hawakupata kumsikia akisoma Kiswahili katika karatasi maisha yao yote.

Alipomaliza akarudi ubeti wa sita, akaweka kidole.

"Hii ta siyo. Maalim hakuandika hivi."

Nikaangalia mswada. Alisema kweli. Kimvita kina ta ya meno na ta ya ufizi, na hati ya Kirumi imezipa zote mbili herufi moja. Mimi msomi wa magazeti nilikwisha kuzichanganya. Bi mkubwa huyo, aliyeandikwa kuwa hajui kusoma, ndiye aliyenisahihisha.

DENI LETU

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza. Programu huria hazikuniandikia utenzi, wala hazikumfufua Maalim. Zilichofanya ni kuniachia mlango wazi mahali ambapo miaka yote nilikuta kufuli, na kufuli nyingine nilikwisha kuivunja kwa wizi bila ya kujua.

Lakini wakfu una sharti lake. Msikiti usiofagiwa huota popo, na kisima kisichosafishwa hujaa majani. Visima vingapi vya wakfu Pwani hii tumeviona vikifukiwa kwa sababu kila mtu alichota na hakuna aliyekwenda na kamba mpya? Mapengo ya Kiswahili ndani ya programu hizi hayatazibwa na mtu wa Helsinki. Maneno ya Kimvita hayataingia katika kamusi ya tahajia mpaka sisi wenyewe tuyapeleke. Na hati za wazee wetu, ambazo ziko masandukuni Mombasa, Lamu na Pate zikiliwa na mchwa, hazina wa kuzichapa ila waliozisoma.

Wazee wanaozijua wanapungua kila mwaka. Vijana wanaojua mashine wako vibandani, wanangoja mteja. Kati ya wawili hao pana njia ya kutembea kwa miguu tu. Mimi na kijana wangu tumepatana: kila Jumamosi baada ya Alasiri ananifunza faili moja, nami namfunza ukurasa mmoja wa hati za Kiarabu. Tumefika ubeti wa arubaini na tatu, na kila ubeti hupita kwanza machoni pa Shangazi. Utakapokamilika, utenzi wa Maalim tutauacha huru kwa masharti yale yale tuliyozipatia programu, anayetaka anakili na ampe mwenzake.

Nafunga kwa ubeti mmoja, wabillahi taufiki:

Kisima kilo wakifu, maji yake hayauzwi,
Wenye kiu na dhaifu, wajapo hawafukuzwi,
Lakini huwa kichafu, kama nacho hakitunzwi,
Tuchimbe nasi kwa safu, kazi haisukumizwi.